Alama Nne kwa Msoma Habari

Nne ni alama, au ni tusi?

Swali hilo liliingia katika chumba cha ushonaji Jumatatu asubuhi, likawatangulia wateja, na hadi ilipofika saa nne hakuna aliyekuwa amelijibu kwa namna ya kumridhisha mwenzake. Mwenye chumba, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sentimita kwa jinsi asivyovumilia nguo kuzidi wala kupungua, alikuwa ameinamia cherehani akijifanya hayupo. Alikuwepo. Alisikia kila neno.

Chanzo kilikuwa shindano la dansi la televisheni. Kila Jumamosi jioni watu maarufu ambao umaarufu wao hauhusiani hata kidogo na miguu yao, mchekeshaji, golikipa mstaafu, mpishi wa hoteli kubwa, huvalishwa mavazi ya kumetameta na kuchezeshwa dansi za ukumbini na wachezaji wenye kazi yao. Kisha majaji watatu huinua vibao vyenye alama, kuanzia moja hadi kumi. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya msoma habari wa saa saba mchana, mwanamke ambaye nchi nzima ilimjua kuanzia kifuani kwenda juu. Alicheza wolzi, ile dansi ya hatua tatu tatu ambayo mwanamume huenda mbele na mwanamke hurudi kinyumenyume kama mgeni anayeaga wenyeji asiotaka kuwapa mgongo. Jaji wa kwanza alimpa nane. Jaji wa pili alimpa nane na busu la mbali. Jaji wa tatu, mzee aliyefundisha dansi kwa miaka thelathini na mitano na aliyeitwa Mkavu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliinua nne. Alieleza sababu, lakini ukumbi ulikuwa ukizomea kwa nguvu kiasi kwamba midomo yake ilionekana tu ikifunguka na kufumbika.

Gauni alilolivaa msoma habari lilitoka katika chumba hiki. Ndiyo maana swali halikuishia kuwa la dansi peke yake.

"Nane, nane, nne," alisema Shemeji, akiisukuma pasi juu ya kola kama anayepiga deki. Alikuwa mume wa mdogo wake fundi, mpiga pasi wa chumba na, kwa kujiteua mwenyewe, mchambuzi wa dansi. "Hebu tutulie tupige hesabu. Macho matatu yanatazama kitu kimoja."

"Majaji watatu wana macho sita," mkewe alimkatiza bila kuinua uso kutoka kwenye puleki za kumetameta alizokuwa akizishona. "Unahesabu nusu, ndiyo maana unaona nusu."

"Haya, sita. Manne yameona nane. Mawili yameona nne. Hayo mawili yana nini?"

"Yana miwani."

Kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuwa amemwacha mteja kitini na nusu ya kichwa, aliegemea mwimo wa mlango. "Mimi nina habari za ndani," alisema. "Mkavu aliwahi kumposa yule dada akakataliwa."

"Acha uzushi. Mkavu ana miaka sabini."

"Ndiyo maana alikataliwa."

Hata Mama Sentimita alicheka kidogo, kwa pua. Lakini moyoni alikuwa na kinyongo. Jumamosi ile alikuwa amekaa mbele ya televisheni na wateja wake wawili, amevaa vizuri kana kwamba yeye ndiye atakayepewa alama, na kile kibao cha nne kilipoinuka alihisi kimeinuliwa mbele ya uso wake. Wiki tatu alizozitia katika gauni lile, mishono mia na kitu ya mkono kiunoni, kitambaa kilichokatwa kwa kufuata ulalo wa nyuzi ili kianguke kama maji, vyote vimetoka na nne. Alimwambia mdogo wake usiku ule ule kwamba yule mzee ana roho ya bati.

Shemeji alizima pasi. Alitoa daftari la shule chini ya meza, akalifungua kwa heshima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili: Sisi Wapenda Haki Tunaodai Kuondolewa kwa Jaji wa Tatu. Chini yake kulikuwa na nambari, kuanzia mbili.

"Na moja iko wapi?" aliuliza fundi.

"Moja ni yako, shemeji yangu. Nimekuwekea kiti cha mbele. Wewe ndiye uliyemvisha. Ukitia sahihi wewe, ni sawa na daktari kutia sahihi cheti."

"Mimi sijui dansi."

"Unajua gauni. Nikuulize swali moja tu halafu ninyamaze. Lile gauni lilikuwa la nne?"

Alikuwa amemgusa pabaya, na alijua. Mama Sentimita aliichukua kalamu iliyokuwa sikioni mwa Shemeji, akatia sahihi yake kwenye nambari moja, herufi zote zikiwa na kimo kimoja.

Gauni lenyewe lilirudi saa sita, likiwa begani kwa dereva wa kituo cha televisheni, ndani ya mfuko mrefu wa nailoni. Alisema lisafishwe na puleki zilizolegea zikazwe, maana watayarishaji wanataka kulionyesha tena kwenye fainali. Mama Sentimita alilitandaza mezani na kufanya alichokifanya kwa kila gauni linaporudi: alifumba macho, akalipitisha pindo vidoleni mwake polepole, kama anayesoma.

Mbele, sawa. Ubavuni, sawa. Nyuma, upande wa kushoto, kidole chake cha shahada kikapita na kutokea upande wa pili.

Alifumbua macho. Kulikuwa na tundu la mviringo, dogo kuliko kifungo cha shati, na kuanzia hapo nyuzi za pindo zilikuwa zimekatika kwa urefu wa kiganja. Kandokando ya tundu kulikuwa na doa la nta ya sakafu. Hakuhitaji kuambiwa. Hicho kilikuwa kisigino cha kiatu cha mwanamke, tena cha mwanamke aliyelivaa gauni hilo mwenyewe.

Katika chumba kile kulikuwa na desturi ambayo wateja wapya waliiona kichekesho, hadi walipocheza. Gauni la dansi lilipimwa pindo mara mbili. Mara ya kwanza mteja alisimama wima, amevaa viatu vyake vya kuchezea. Mara ya pili alisimama ameshikwa, kwa sababu mwanamke aliyeshikwa katika wolzi huegemeza mgongo nyuma, na hapo pindo la mbele hupanda na la nyuma hushuka hadi sakafuni. Fundi asiyelijua hilo humshonea mteja mtego wa kumnasa mwenyewe. Na ili mwanamke ashikwe, hutakiwa mwanamume. Mwanamume wa chumba alikuwa Shemeji. Kila mara aliizima pasi, akanawa mikono, akasimama mbele ya mteja kwa adabu, na katikati ya vifua vyao mkewe akaweka henga ya mbao, sharti lililokuwa halina mjadala. Shemeji akabana pumzi, Mama Sentimita akapiga magoti na pini zake mdomoni. Vipimo vyote viwili viliandikwa kwenye daftari la vipimo, safu ya kwanza Wima, safu ya pili Kushikwa.

Alilitoa daftari hilo kabatini. Alilitafuta jina la msoma habari. Safu ya Wima ilikuwa imejaa. Safu ya Kushikwa ilikuwa nyeupe.

Akakumbuka. Alhamisi ya kabla ya ile wolzi, msoma habari alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha hewani akisubiri kushikwa, na Shemeji alikuwa mlangoni na kinyozi wakibishana kuhusu saba aliyopewa mchekeshaji kwa dansi yake ya tango. Fundi mwenyewe alizitoa pini mdomoni ili aseme kwamba ile saba ilikuwa wizi wa mchana, kwamba mchekeshaji alistahili tano na pole. Msoma habari naye alichangia, kwa ile sauti yake iliyonyooka, kwamba yeye angempa sita. Wakabishana, wakacheka, gari la kituo likapiga honi. Na gauni likapindwa kwa kipimo kimoja.

Aliazima simu ya mdogo wake, akajificha nyuma ya pazia la kupimia, akaitazama ile wolzi tena. Aliitazama mara sita. Katika kona ya pili ya ukumbi msoma habari alirudi nyuma, kisigino kikashika kitambaa, na mwili wote ukasimama kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Hatua moja ikapotea, ya pili ikachelewa, ya tatu ikaja mbio kuziba pengo. Tabasamu halikutikisika. Mwanamke yule alikuwa amezoea kutabasamu taa za studio zikiwaka juu ya kichwa chake. Majaji wawili walikuwa wanalitazama tabasamu. Mkavu alikuwa ameinamisha shingo, anatazama sakafu.

Mtu mmoja tu nchini alikuwa amepima, na huyo ndiye aliyetiwa daftarini kuwa hana haki.

Usiku huo Mama Sentimita hakula vizuri. Jumanne asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, aliwaita mdogo wake na Shemeji mezani, akawaonyesha tundu, akawaonyesha safu nyeupe, akasema, "Nimekosea mimi."

Mdogo wake aliligeuza pindo mara mbili. "Ni sentimita ngapi?"

"Tatu."

"Dada, kwani sentimita tatu ni nini? Watu wanaoa wake wafupi kwa sentimita ishirini na wanaishi nao."

"Si suala la mzaha."

"Sifanyi mzaha, nakutuliza. Funga tundu, kaza puleki, rudisha gauni. Ukilisema hili nje, sisi ndio tutakaoitwa waliomtegea msoma habari. Nani ataleta mwanawe ashonewe gauni la harusi na watu wa namna hiyo?"

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mama Sentimita hakuwa na kibao nje ya mlango wake. Hakuwahi kukihitaji. Watu waliletana kwa neno moja tu, kwamba yule mama hakosei. Neno hilo likitoka mtaani, chumba kitabaki na cherehani tatu na pasi.

Walimgeukia Shemeji. Alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, jambo lililowatia wasiwasi wote wawili.

"Ngojeni," alisema hatimaye. "Siku ile ya kupima, nani alinishika mlangoni na maneno?"

"Kinyozi."

"Na nani anamnyoa dereva wa Mkavu?"

"Mume wangu, usianze."

"Mimi siongezi chumvi. Nauliza tu. Jaji anapanga kumpa mtu nne. Anahitaji kasoro. Anamtuma kinyozi anipotezee muda. Hii kitu ni kubwa kuliko nilivyodhani." Alilichukua daftari lake la sahihi, akalitazama kwa mapenzi mapya. "Na itabidi tuongeze ukurasa."

Mama Sentimita alimtazama mtu huyo ambaye yeye alikuwa akimpa chai kwa miaka kumi na miwili, akaona kwamba hakuna tundu kubwa kiasi cha kuupitisha ukweli uingie kichwani mwake. Akarudi kwenye cherehani yake. Lakini kazi haikumpa nafuu, kwa sababu sahihi zilikuwa zinaongezeka. Wauza matunda walitia. Walimu watatu wa shule ya jirani walitia, mmoja kwa wino mwekundu. Na kila aliyelishika daftari alitazama kwanza nambari moja na kusema, "Kumbe hata fundi mwenyewe," kisha akatia bila kusoma.

Jumatano msoma habari alikuja kupimwa gauni la duru inayofuata. Aliingia na harufu nzuri na miwani myeusi, akapokewa kama mjane aliyedhulumiwa. Shemeji alimfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Kinyozi alimpa pole. Mama Sentimita aliwatoa wote nje, akalifunga pazia, akaliweka lile gauni mapajani mwa mteja wake, pindo likiwa juu.

"Dada yangu, tazama hapa. Sikukupima ukiwa umeshikwa. Kilichokukwaza ni mkono wangu, si dansi yako."

Msoma habari alivua miwani. Alikitia kidole tunduni, akakitoa. Hakuonekana kushangaa.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia kisigino kikishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?" Alilikunja gauni taratibu. "Fundi, nikuambie ukweli na usinichukie. Kabla ya ile nne, kura zangu za watazamaji zilikuwa za mwisho. Sasa ni za kwanza. Golikipa amepata nane tatu na hakuna hata mpwa wake anayemzungumzia. Watu wananisimamisha barabarani wananishika mkono, wanasema tuko pamoja. Miaka kumi nawasomea habari, hakuna aliyewahi kuniambia tuko pamoja."

"Lakini yule mzee wanamtukana."

"Mzee ameshatukanwa sana maishani, atazoea." Kisha, kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya kusomea chochote: "Ukiniondolea hiyo nne, utanibakiza na miguu yangu. Na miguu yangu unaijua."

Alipanda kigodani akanyoosha mikono. Mama Sentimita aliwaita Shemeji na mkewe, henga ikawekwa, na safari hii safu zote mbili zikajaa. Kazi ilifanyika sawasawa kabisa, na hakuna hata mmoja kati ya wanne waliokuwemo chumbani aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alhamisi saa saba kasoro, chumba kilikuwa kimefurika. Shemeji alikuwa amewaalika waliotia sahihi waje kusikiliza, kwa kuwa daftari lilikwishapelekwa kituoni siku iliyotangulia, na kulikuwa na fununu kwamba uongozi umetoa tamko. Kinyozi alifunga duka. Wauza matunda walikaa juu ya marobota ya vitambaa. Televisheni ndogo juu ya kabati iliongezwa sauti, na msoma habari akatokea, kuanzia kifuani kwenda juu, nywele zimelala vizuri.

Alisoma habari ya barabara, akasoma habari ya bei ya mafuta. Kisha, bila sauti yake kupanda wala kushuka, akasoma habari yake mwenyewe. Uongozi wa kituo ulikuwa umempa jaji wa tatu wa shindano la dansi hadi kesho, Ijumaa saa sita mchana, awe ameomba radhi au ameachia kiti. Hatua hiyo ilifuatia malalamiko ya wananchi mia tano na kumi na wawili, wakiongozwa na fundi aliyelishona gauni la mshindani, ambaye kwa utaalamu wake alithibitisha kwamba jaji hakutenda haki.

Chumba kilipiga makofi. Mtu alimgonga Mama Sentimita begani. Mdogo wake aliinamia puleki zake.

Halafu Mkavu akatokea, amesimama mbele ya mlango wa ukumbi mtupu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Sina ugomvi na yule msoma habari," alisema. "Alianza vizuri, na kona mbili za mwisho alizicheza vizuri kuliko wengi. Kona ya pili hatua zilikatika. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba hatua ikikatika imekatika, hata kama umetabasamu. Nikiomba radhi kwa hilo, nitakuwa nimewadanganya wote. Kwa hiyo kesho nitarudisha kibao."

"Aende salama," alisema kinyozi.

"Kona ya pili," alidakia Shemeji, "hiyo kona ya pili ameitoa wapi? Nani aliiona kona ya pili?"

"Mimi," alisema Mama Sentimita.

Hakusema kwa nguvu, lakini walio karibu waligeuka kumtazama, na kugeuka kukasambaa hadi mlangoni. Alinyoosha mkono akazima televisheni. Aliegemea meza ya kukatia, ile meza ambayo kingo zake zilikuwa zimelainishwa na tumbo lake mwenyewe kwa miaka yote hiyo. Aliwatazama. Alimjua kila mmoja kwa kiuno na mabega, na wengi wao walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Jumatatu."

"Shemeji yangu, umechoka," alisema Shemeji kwa upole wa kweli. "Keti. Tumeshinda."

"Hatujashinda, shemeji. Tumekuwa wengi tu." Alilivuta gauni kutoka kwenye sanamu la kuvishia nguo, akalikunja mkononi pindo likiwa nje. "Nisikilizeni, maana sitarudia na sitabishana. Yule mzee alitoa nne kwa hatua zilizokatika, na zilikatika kwa sababu pindo la nyuma nililizidisha sentimita tatu. Sikumpima mteja wangu akiwa ameshikwa. Nilikuwa nabishana na nyinyi. Sasa hivi nakwenda kituoni kuwaambia waifute sahihi yangu, na kumwambia jaji, mbele ya kamera wakitaka, kwamba kosa ni la fundi. Atakayeona kwamba hawezi tena kushonewa na mimi, kitambaa chake kiko kabatini, akichukue leo."